Ripley na Kazi Ngumu ya Kuwa Mtu Mwingine

Tamthilia ya Ripley ilipotoka Netflix, Aprili 2024, niliikwepa. Nilikuwa na sababu zangu. Riwaya ya Patricia Highsmith nimeisoma mara mbili, na ile filamu ya mwaka 1999 ya Matt Damon na Jude Law nimeitazama mara nyingi kiasi kwamba naweza kukuambia nani kavaa shati gani wapi. Sasa mtu anakuja na sehemu nane za hadithi ileile, tena kwa picha nyeusi na nyeupe, ya nini? Nikaona ni maringo tu. Mdogo wangu ndiye aliyenishawishi wikiendi moja ya mvua, umeme ulipoamua kutuhurumia, akasema tutazame sehemu moja tu. Tukatazama tatu. Ya nne akalala kwenye kochi, mimi nikaendelea peke yangu mpaka usiku wa manane.

Humu nitatoboa kila kitu, mpaka mwisho. Kama unataka kuitazama ukiwa hujui lolote, funga hapa, nenda katazame, tutaonana baadaye.

Kwa asiyeijua hadithi: ni mwaka 1961, New York. Tom Ripley ni tapeli mdogo sana, tapeli wa hundi zinazopita kwenye posta, anayeishi chumba cha kupanga ambacho hata panya angekifikiria mara mbili. Tajiri mmoja mwenye kampuni ya kujenga meli, Bwana Greenleaf, anamtafuta kwa kudhani ni rafiki wa mwanawe. Mwana huyo, Dickie, yuko Italia anakula urithi na kuchora picha mbaya. Baba anamwomba Tom aende akamrudishe nyumbani, gharama zote juu yake. Tom anakwenda. Anamkuta Dickie na mpenzi wake, Marge, katika mji mdogo wa Atrani, unaoning'inia kwenye mwamba juu ya bahari. Anaona nyumba, kalamu, pete, Picasso ukutani. Hamrudishi Dickie nyumbani. Anamuua, kisha anakuwa Dickie.

Hiyo ndiyo hadithi, na kila aliyeigusa ameivuta kwake. René Clément aliitengeneza mwaka 1960 na Alain Delon, akatuwekea jua, mashua na kijana mzuri kupindukia, na mwisho akamnasa, kwa sababu sinema za enzi hizo hazikupenda kumwacha muuaji aende zake. Anthony Minghella, 1999, aliifanya hadithi ya mapenzi yasiyorudishwa: Tom wake anaua akilia. Steven Zaillian, aliyeandika na kuongoza sehemu zote nane za Ripley, hakutupa jua wala machozi. Ametupa ngazi.

Sifanyi mzaha. Ngazi ni nyingi katika tamthilia hii mpaka magoti yanakuuma wewe mtazamaji. Tom akifika Atrani anapanda ngazi na sanduku mkononi, anauliza njia, anaelekezwa juu zaidi, anapanda tena, viatu vyake vya mjini havifai, jasho linamtoka. Picha ya kwanza kabisa ya tamthilia ni mtu anayeburuta maiti kwenye ngazi za jengo moja la Rome usiku, na unasikia kila kipandio. Du. Du. Du. Mpiga picha ni Robert Elswit, na ametundika kamera yake mahali ambapo ngazi zinazunguka kwenda chini kama tumbo la konokono. Alipata tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo. Mimi ningempa mbili.

Hapo ndipo nilipoanza kukaa vizuri kwenye kochi. Hadithi nyingi za matapeli, za kwenye televisheni hasa, zinatuuzia wepesi. Tapeli anatabasamu, anabadilisha koti, anatoka na begi la hela, muziki unapigwa. Ni sungura wa hadithi za bibi, ni Abunuwasi na vitimbi vyake: tunacheka na aliyepigwa, hesabu imeisha. Sina ugomvi na Abunuwasi. Ila hakuna hadithi ya Abunuwasi inayokueleza mtu aliyedanganya jana anaamkaje leo, anasaini nini, anamjibu nini postamasta, anaficha wapi soksi zenye damu. Zaillian haelezi kitu kingine. Kwake utapeli ni ajira. Ina saa zake, ina zana zake, na haina likizo.

Chukua mauaji ya Dickie katika sehemu ya tatu. Wamekodi boti ndogo San Remo. Dickie anamfahamisha Tom kwamba safari yao pamoja imefika mwisho, na Tom anachukua kasia. Kifo chenyewe kinakwenda upesi. Kinachofuata ndicho kirefu, na karibu chote hakina neno hata moja: nanga nzito, kamba inayomnasa mguu na kumvuta baharini, boti inayojizungukia yenyewe na kumrudia kichwani, maiti isiyotaka kuzama, halafu boti isiyotaka kufichika. Nilijikuta nasema kwa sauti, "Ifunge kwanza ile kamba!" Mdogo wangu akanitazama. Nilikuwa nampa muuaji ushauri.

Hiyo ndiyo hila ya tamthilia hii, na ni hila ya Highsmith mwenyewe tangu 1955. Hakuombi umpende Tom. Anakuonyesha mtu mwenye kazi mbele yake, na jicho la binadamu likiona mtu anahangaika na kazi linataka kazi iishe. Ukimwona jirani anasukuma gari lililogoma hukai kumuuliza kwanza gari ni la nani.

Baada ya maji yanakuja makaratasi. Nimewasikia watu wakilalamika kwamba sehemu za katikati zinachosha, kwamba Tom anaandika barua tu na kwenda benki. Jamani. Ile ndiyo nyama yenyewe. Kuua kulichukua asubuhi moja, kuwa Dickie kunachukua miezi. Anafanya mazoezi ya saini mpaka mkono unazoea. Anapiga taipu barua kwa Marge kwa sauti ya Dickie, zenye uvivu wa Dickie na majivuno yake madogo madogo. Katika nchi ile hoteli inachukua pasipoti yako unapofika, kwa hiyo kila mji ni mtihani mpya: leo mimi ni nani, na karatasi ipi inasema hivyo? Kamera inakaa kwa makusudi juu ya nyuso za wahudumu. Karani wa benki anatazama saini, anatazama uso, anatazama saini tena. Kimya. Halafu mhuri: pa! Sijawahi kuona mhuri ukitisha kuliko kisu.

Labda ni mimi tu. Kwetu mhuri una historia.

Mama yangu mdogo alifanya mtihani wa darasa la saba akafeli. Hii ni zamani, miaka ambayo nafasi za sekondari zilikuwa za kugombaniwa kama maji ya bomba wakati wa kiangazi. Anayefeli harudii, kanuni ilikataa. Lakini katika shule ya kijiji cha pili kulikuwa na msichana aliyeacha shule na kuolewa, na jina lake lilikuwa bado kwenye orodha. Wazee wakaongea na mwalimu, kuku wakabadilisha banda, na mama mdogo akakaa kwenye dawati la msichana yule na kwenye jina lake. Safari hii akafaulu. Akaenda sekondari kwa jina lile, akaenda chuo, akaajiriwa, akapokea mshahara miaka zaidi ya ishirini. Walioishi Tanzania wanajua kwamba sisimulii ajabu lolote. Kusoma kwa jina la mtu kulikuwa jambo la kunong'onezwa, ila halikuwa jambo la kushangaza.

Alikuwa na majina mawili kama mtu mwenye viatu viwili: cha nyumbani na cha kazini. Simu ikiita alisubiri kwanza asikie anaitwa nani ndipo ajue sauti ipi atoe. Mwaka 2017 serikali ilipohakiki vyeti vya watumishi, na orodha ya watu zaidi ya 9,900 ikatangazwa kuwa wana vyeti vya kughushi, mama mdogo alikonda. Vyeti vyake vyote vilikuwa halali, alivitolea jasho yeye mwenyewe. Kisichokuwa chake ni ile mistari miwili ya juu. Jina lake halikutokea kwenye orodha. Sijui nisemeje: halikutokea, na pia lisingeweza kutokea, kwa sababu halikuwamo popote. Alipofariki, wenzake wa ofisini walikuja msibani na basi zima, na shada la maua lenye jina ambalo nusu ya kijiji hawakulijua. Bibi mmoja aliniuliza pembeni, "Hawa wamekosea msiba?"

Simfananishi mama mdogo na muuaji, isisomwe hivyo. Hakumpokonya mtu kitu, na yule msichana aliyeolewa, nasikia, alikuwa akimtania wakikutana mnadani. Nasema tu kwamba nilipomwona Andrew Scott amesimama kwenye dirisha la benki, mabega yametulia na vidole vimetulia kupita kiasi, niliujua ule utulivu. Niliwahi kuuona jikoni kwetu, simu ilipokuwa inaita.

Na hapa niseme kuhusu Andrew Scott, kwa sababu maneno yamekuwa mengi. Wapo waliosema ni mzee. Tom wa riwaya ana miaka 25, Scott alikuwa na 47 tamthilia ilipotoka. Mwanzoni na mimi nilikunja uso. Baba gani anamtuma mtu wa umri ule kumbembeleza mwanawe arudi nyumbani? Kadiri sehemu zilivyosonga nikabadili mawazo nusu. Kijana wa miaka 25 akitamani maisha ya mwenzake, ni ujana. Mtu mzima mwenye mikunjo usoni, ambaye amejaribu kila mlango ukafungwa, akifika Atrani na kumkuta mtu asiye na kipaji chochote amelala juu ya starehe asizozitolea jasho, hiyo ni njaa ya aina nyingine. Nusu nyingine ya mawazo yangu imebaki palepale. Tom huyu ni baridi tangu dakika ya kwanza. Hatubadiliki naye, hatuanguki naye. Damon alitufanya tuone mtu anaoza taratibu, Scott tunamkuta ameshaoza, amenyooshwa na kupigwa pasi. Kuna saa nilitamani nimwone anakosa usingizi kwa sababu ya Dickie, si kwa sababu ya polisi.

Johnny Flynn ni Dickie mpole kuliko wa Jude Law, na upole wake unauma zaidi. Anayeibeba tamthilia bila kusifiwa vya kutosha ni Dakota Fanning, Marge. Katika filamu ya 1999 Marge analia na hakuna anayemsikiliza. Huyu halii. Anaandika kitabu, anamtazama Tom kama mtu anayesoma barua yenye makosa ya tahajia, na tangu siku ya kwanza hampendi. Ila hata yeye, mwishoni, Tom anamjulia udhaifu wake, yaani kitabu chenyewe. Mwandishi yeyote akisifiwa kidogo anasogeza kiti karibu. Nilicheka peke yangu hapo, kicheko cha aibu.

Freddie Miles, rafiki wa Dickie, anakuja Rome kugonga mlango anapokaa "Dickie", anaona kisichopaswa kuonwa, anakufa kwa kibakuli kizito cha majivu ya sigara. Hapo inaanza sehemu ya tano, inayoitwa Lucio. Lucio ni paka wa lile jengo. Sitasimulia yote. Niseme tu kwamba ni usiku mzima wa mtu mmoja, maiti moja, gari moja dogo, ngazi za marumaru zinazohitaji kufutwa damu, na paka aliyekaa anatazama. Paka hatoi ushahidi. Hiyo, kwangu, ndiyo saa bora ya televisheni niliyoona kwa miaka kadhaa, na inachekesha vibaya sana.

Kisha anaingia Inspekta Pietro Ravini, anayechezwa na Maurizio Lombardi, na msomaji wa Kiswahili lazima atamkumbuka Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, na tangu hapo sisi tumelelewa tukijua kwamba mpelelezi akishakaa kwenye kiti, akavuta moshi na kutafakari, ukweli utakuja wenyewe. Ravini naye anavuta moshi, anaandika, anauliza maswali mafupi, hapotezi neno. Ni mpelelezi safi kabisa. Na anashindwa. Amekaa na mtu yuleyule mara mbili, Rome akiwa "Dickie" na Venice akiwa Tom, na hamjui, kwa sababu mara ya pili Tom amepunguza taa, amejibandika ndevu na nywele za bandia.

Hapa sikubaliani na Zaillian. Mambo yote mengine ameyajenga kwa matofali, na hapa ametumia udongo mbichi. Tumeambiwa Ravini anaona kila kitu, kisha tunaombwa tuamini haoni uso aliokaa nao meza moja. Na gazeti moja tu, kati ya magazeti yote ya Italia yaliyoandika habari za kifo cha Freddie, lingechapisha picha ya Dickie halisi, mtoto wa tajiri wa Kimarekani, tamthilia ingekwisha saa mbili kabla. Mdogo wangu, aliyekuwa ameamka kufikia hapo, alikuwa na jibu: watu wa benki hawatazami uso, wanatazama mhuri, na polisi ni hivyohivyo, akishaandika kwenye faili kwamba wewe ni Dickie basi wewe ni Dickie. Ni jibu zuri. Bado ndevu zile ni mbaya.

Caravaggio pia ananisumbua. Dickie ndiye anayempeleka Tom kuona michoro yake kule Naples, ikiwemo ile ya Matendo Saba ya Huruma, ya mwaka 1607. Caravaggio mwenyewe alikuwa amemuua mtu Rome mwaka mmoja kabla, akakimbilia kusini. Tom anasimama mbele ya giza lile na mwanga ule, na hahitaji kusema kitu, nasi hatuhitaji kuambiwa kitu. Tungeachiwa hapo. Lakini katika sehemu ya mwisho Zaillian anamleta Caravaggio mwenyewe, mwaka 1606, kwa mavazi na kila kitu, kana kwamba tulikuwa tumesinzia darasani. Mwandishi aliyeaminika kwa saa saba kwamba atatuachia tuone wenyewe, ghafla anachukua chaki.

Samahani yake anaiomba dakika za mwisho. Kitabu cha Marge kuhusu Atrani kimetoka, na nakala inamfikia Ravini. Anakifungua mezani kwake. Ndani kuna picha ya Dickie Greenleaf, Dickie wa kweli, anayetabasamu. Ravini anaitazama. Hatupewi kingine. Tom wakati huo ana pasipoti mpya yenye jina jingine kabisa, aliyoletewa na Reeves Minot, ambaye anachezwa na John Malkovich, na Malkovich aliwahi kuwa Ripley mwenyewe katika filamu ya mwaka 2002. Ripley mzee anampa Ripley mdogo karatasi. Huo ni utani wa ndani, na safari hii hakuna aliyechukua chaki.

Nilichokipenda katika mwisho huo ni kwamba hausemi kama Tom atakamatwa. Clément alimnasa, Minghella alimfungia ndani ya upweke wake na kifo kimoja zaidi, Highsmith alimwachia urithi na hofu ya askari watakaokuwa wakimsubiri kwenye kila gati. Zaillian anamwacha inspekta na picha, na Tom na jina jipya la kujifunza saini yake. Kesho yake ataanza tena kufanya mazoezi ya mkono.

Nimeirudia riwaya tangu wiki iliyopita. Niko pale Tom yuko melini kwenda Ulaya, amenunua kofia, anaijaribu kichwani kwa kila namna aone inamfanya mtu gani. Nilikuwa nimeisahau kabisa ile kofia. Mdogo wangu anataka tuirudie sehemu ya tano, kwa ajili ya paka.